Kisanduku Kinachojijaza

Tk. Tk-tk. Tk.

Bibi alifumbua jicho moja gizani akasikiliza. Jogoo walikuwa bado hawajawika, na barabarani haijapita hata baiskeli. Tk-tk-tk. Akajua moja kwa moja kwamba yule kuku wa jirani ameingia tena kudonoa makombo mezani. Akapapasa ndara kwa vidole vya miguu, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akanyata kwenye korido kama mtu anayekwenda kukamata mwizi wa maana.

Hakukuta kuku. Alimkuta mjukuu wake amekaa mezani na shuka mabegani, macho ameyafumba, vidole kumi vikicheza juu ya mbao tupu. Kucha ndizo zilizokuwa zinalia.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, ufagio bado uko juu, "unamwandikia nani barua saa hizi?"

Mjukuu hakushtuka. "Nafanya mazoezi, Bibi. Nimeota tena kile kisanduku."

"Chekundu?"

"Chekundu. Safari hii kilikuwa kinanifukuza."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawasha jiko, maana usingizi wa wote wawili ulikuwa umekwisha, na wakati maji yanachemka akakaa akimtazama binti huyu aliyejifunika shuka kama mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na wasiwasi kwa ajili ya kitabu cha bibi yake, na Bibi hakuona kama kuna wema mkubwa kuliko mtu kuota ndoto mbaya kwa niaba yako.

Bibi alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini na tisa alipokea watoto katika zahanati iliyo mwisho wa barabara yao, na ingawa alikuwa amestaafu miaka kumi na mitano iliyopita, mtaa mzima bado ulimwita Bibi Mkunga. Kila mtoto aliyempokea alimwandika katika kitabu kikubwa chenye jalada la kijani: jina la mama, tarehe, saa, uzito, maelezo mafupi, na mwisho kabisa, pembeni kulia, namba. Watoto elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Na kila mama alipokuwa anaondoka, kichanga kimefungwa vizuri, Bibi alimwinamia sikioni: "Shika namba ya mwanao. Siku yoyote ukitaka habari zake, hata mimi nikiwa sipo, wewe taja namba tu, atapatikana." Hiyo ndiyo ahadi yake. Alikuwa ameitoa mara elfu mbili mia tatu na kumi na sita, na leo, Ijumaa, saa kumi alasiri, ilikuwa inakwenda kuvunjika.

Sababu ni kwamba zahanati ilikuwa imepata kompyuta. Mjukuu aliajiriwa ukarani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukiingiza kitabu cha kijani kwenye mashine. Msimamizi wa zahanati alimpa wiki moja aonyeshe kwamba inawezekana. Isipowezekana, kitabu kitakwenda ghala la nyuma, lile lenye paa linalovuja na mchwa wasiochagua, na mashine itaanza upya na watoto wa Jumatatu, kana kwamba kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuzaliwa.

Na haikuwa inawezekana. Siku ya kwanza mjukuu aliandika 1 kwenye kisanduku cha mwanzo cha fomu, kile kilichoandikwa NAMBA, akajaza na vingine vyote, akabonyeza Hifadhi, na kisanduku kikageuka chekundu: *Nafasi hii haijazwi na mtu.* Akakiacha kitupu. Mashine ikapokea bila ubishi, ikampa mtoto wa kwanza wa Bibi namba saba, kwa sababu fundi wa kompyuta alipokuwa anaijaribu aliingiza watu sita wa uongo, mmoja wao akiitwa Aaaa. Mjukuu akamfuta mtoto, akamwingiza tena. Nane. Akamfuta. Tisa. Fundi mwenyewe alikuwa zahanati nyingine mpaka Ijumaa, hivyo hakukuwa na wa kumuuliza. Kufikia Alhamisi, mtoto wa kwanza wa Bibi, ambaye siku hizi ni baba wa watoto wanne na hajawahi kumkosea mtu, alikuwa amekuwa wa sitini na moja.

"Leo nakwenda na wewe," Bibi alisema, akimmiminia chai.

"Bibi, kule ni kompyuta."

"Na mimi ni Bibi. Tutafahamiana."

Kulipokucha walioga, wakavaa, Bibi akakitia kitabu, ambacho mjukuu alikuwa amekuja nacho jana kutoka kazini, ndani ya foronya safi, wakaiaga picha ya marehemu babu iliyotundikwa ukutani. "Mume wetu, tunatoka," Bibi aliiambia. "Leo nimemchukua na mdogo. Usilalamike njaa."

*

Barabara ilikuwa imeamka. Mwenye duka alikuwa anamwaga maji mbele ya mlango wake kutuliza vumbi. Bibi alitembea polepole, foronya imekumbatiwa kifuani, na mjukuu alitembea polepole zaidi ili Bibi asijione anachelewesha watu, jambo ambalo Bibi aliliona na kulinyamazia.

Mwanamume mmoja akawapita kwa baiskeli, akageuza shingo. "Shikamoo Bibi. Mia tisa na moja hapa."

"Marahaba, mia tisa na moja. Mama hajambo?"

"Hajambo, goti tu."

"Mwambie asilikunje sana. Na wewe angalia mbele."

Aliangalia mbele kwa wakati wake, nusu hatua kabla ya nguzo. Mjukuu akaziba mdomo. Kwenye kona mwanamke mwenye ndoo akasema, "Elfu mbili mia tatu na kumi anakusalimia, Bibi, yuko shuleni," na Bibi akauliza kama bado anakula udongo. Hakuli tena, alijibiwa, sasa anakula penseli.

"Unaona?" Bibi alimwambia mjukuu. "Watu hawa namba zao wanazijua. Ukiwapa nyingine utakuwa umewapotezea njia ya kurudi."

"Ndiyo ninavyoogopa, Bibi. Mtu atakuja aseme mimi ni wa sitini na moja, mashine itamletea mtu mwingine kabisa."

"Na wa sita?"

"Wa sita ni Aaaa."

Walicheka mpaka getini.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa kidogo, rangi ya ukutani imebabuka kwa chini pale ambapo viti vimesugua miaka yote. Kwenye rafu palikuwa na pengo lenye upana wa kitabu cha kijani. Kompyuta ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi, na mjukuu aliifunua kwa adabu, akaiwasha, akaifungua fomu.

"Bibi, kaa hapa, kiti hiki hakiyumbi. Mimi naenda kumtafuta fundi, nimesikia ameshafika. Hiki kisanduku cha juu, cha namba, tafadhali usikiguse."

"Sikigusi."

"Kitajijaza chenyewe."

"Sawa," Bibi alisema. Mjukuu akatoka mbio.

Bibi alikaa mkao wa heshima, mikono mapajani. Aliambiwa kitajijaza, basi akasubiri kijijaze. Kilikuwa cheupe na kitupu, na ndani yake kimstari chembamba kilionekana, kikapotea, kikaonekana, kikapotea. Bibi akasogeza kiti. Alikitazama kwa makini kile kimstari, akatazama na saa ya ukutani, na baada ya muda akatikisa kichwa kwa huruma. Katika miaka yake yote thelathini na tisa hakuwahi kuona uchungu unaokuja kila baada ya sekunde moja.

"Haya mama," aliiambia kompyuta kwa sauti ya chini. "Usijilazimishe. Pumua tu. Niko hapa."

Kimstari kikaonekana, kikapotea.

"Vizuri sana. Hivyo hivyo."

Mfagizi wa zahanati, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano na masikio makali, alikuwa anapita na ndoo yake. Akasimama mlangoni. "Bibi Mkunga, unaongea na nani?"

"Shh. Imekaribia."

Mfagizi akaweka ndoo chini, akaingia kwa ncha za vidole, akasimama nyuma ya kiti. Wakatazama wote wawili. Dakika zikapita.

"Nilete maji ya moto?" Mfagizi alinong'ona.

"Ya nini? Ni mashine hii."

"Nimeuliza tu."

Dakika ishirini nzima zilikwisha namna hiyo. Mfagizi alianza kuhema pamoja na kimstari bila kujua. Bibi alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwa kompyuta, akiisugua kidogo pale ilipokuwa ya moto, na mjukuu aliporudi na fundi nyuma yake, walikuta mandhari hayo, wakasimama.

"Bibi," mjukuu alisema taratibu, "mnafanya nini?"

"Tunasubiri ijijaze. Lakini kwa kweli mwenzangu, huyu anachelewa. Kama angekuwa wa kwangu ningekuwa nimeshaita gari."

Kicheko cha mjukuu kilianza kama kikohozi, kikaishia sakafuni. Alikaa chini kabisa, mgongo ukutani, machozi yanamtoka, na Mfagizi, ambaye hakuelewa kinachochekesha, alicheka kwa kumsindikiza. Fundi pekee hakucheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu aliyepigiwa simu nyingi asubuhi moja.

"Bibi, haiji hivyo," alisema. "Unajaza kwanza vile vingine. Jina la mama, tarehe, saa, uzito, vyote. Halafu unabonyeza Hifadhi. Mashine ikishapokea, ndipo namba inatoka."

Bibi alimgeukia. "Kwa hiyo namba inakuja mwisho."

"Mwisho kabisa."

"Mtoto akishatoka."

"Eeh, mtoto." Fundi alisita. "Tuseme hivyo."

Bibi akapiga paja. "Basi mbona mmeiweka mwanzo?"

Akafungua foronya, akatoa kitabu, akaonyesha kwa kidole ile safu ya mwisho upande wa kulia. Akawasimulia ya wiki yake ya kwanza kazini, alipokuwa msichana mwenye haraka. Alimwona mama ameingia na uchungu, akamwandikia mtoto namba kabisa ili apunguze kazi. Mtoto akakaa siku mbili ndani, akijifikiria. Katikati wakatoka watoto wengine watatu, wote wana namba za mbele, mwenye namba yake hajaonekana. Mkunga mkuu alimsema mpaka masikio yakawa ya moto. Tangu siku hiyo aliihamisha safu ya namba mwisho wa ukurasa, akajiwekea sheria: namba haiandikwi mpaka mtoto alie. Asipolia, subiri. Akilia, andika.

"Kumbe hii mashine ni mkunga mwenzangu," alisema, akiitazama kompyuta kwa macho mapya. "Tatizo ni karatasi mliyoiwekea mbele. Kisanduku ambacho mtu hatakiwi kukijaza, mnamwekea mtu cha nini? Mimi mkinipa sahani nitatafuta chakula."

Fundi alikuna kidevu. Alikuwa muungwana, akakiri. "Hapo umesema kweli. Nilipaswa kukiondoa kwenye fomu. Wakati wa majaribio nilikiacha ili nione namba zinavyokwenda, nikasahau. Naweza kukiondoa sasa hivi."

"Na namba za kitabu?" mjukuu aliuliza kutoka sakafuni, kicheko kimemkauka. "Zitaingia wapi?"

"Hizo hazina kazi tena, dada. Mashine ina zake."

Mjukuu alimtazama bibi yake. Bibi alikilaza kitabu mezani, polepole, akakifungua katikati, na vumbi la miaka kumi na mitano likanyanyuka kwenye mwanga wa dirisha.

Fundi akapiga chafya. Akapiga ya pili. Kisha ikatoka ya tatu, ndogo, kama ya paka.

Bibi aliinua kichwa. "Rudia."

"Samahani, ni vumbi."

"Mbili kubwa na moja ndogo. Wewe mama yako si yule mwalimu wa hesabu, mwenye mwanya?"

Fundi akatoa macho. "Ndiye."

Bibi alikuwa ameshaanza kufunua kurasa, midomo inacheza. Akafika, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mvulana. Kilo tatu na robo. Saa tano asubuhi. *Hakulia. Amepiga chafya mara tatu, ya mwisho ndogo. Nimeihesabu kuwa kilio.*" Akamtazama juu ya miwani. "Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu kweli siku ile, mwanangu. Sheria inasema alie. Wewe hukulia. Lakini ulikuwa mzima na umenuna, kama hivi ulivyo sasa, nikaona si haki kukunyima namba kwa ajili ya chafya. Nikakuandika. Elfu moja mia nne na nne."

"Bibi, taratibu," Fundi alisema haraka, akitazama mlangoni. "Usiitaje kwa sauti."

"Kwa nini?"

Akainama sikioni kwake, lakini alikuwa na sauti ya watu warefu, isiyojua kunong'ona. "Ndiyo paswedi yangu."

"Elfu moja mia nne na nne," Mfagizi alirudia kwa upole, ili kama kuna ambaye hakusikia asipitwe.

Hapo sasa hakuna aliyenusurika. Mjukuu, aliyekuwa ameanza kuinuka, alirudi chini. Mfagizi aliegemea mlango, kilemba kikamkaa upande. Bibi alivua miwani akafuta macho kwa ncha ya foronya. Na Fundi, aliyejikaza kwa muda, alianza kutikisika mabega, kisha akafungua mdomo na kicheko kikatoka kwa mafungu matatu, la mwisho dogo.

"Mama alinifundisha hiyo namba kabla hajanifundisha kufunga kamba za viatu," alisema alipopata pumzi. "Nimeitumia kila mahali. Kwenye simu, kwenye begi la safari. Nitazibadilisha zote leo."

"Zibadilishe," Bibi alisema. "Lakini ile ya humu kitabuni usiibadilishe. Ile ni yako."

Fundi aliuangalia ule mstari wenye chafya zake. Alipitisha kidole juu ya wino bila kuugusa. Kisha akavuta kiti, akakunja mikono ya shati.

"Mashine lazima iwe na namba yake," alisema, safari hii anamweleza Bibi kama mtu wa kazi anavyomweleza mwenzake. "Hiyo siwezi kuigusa, na hakuna anayepaswa kuigusa. Itafanya kazi yake huko nyuma, hata hutaiona. Lakini naweza kuongeza kisanduku kingine, cha namba ya kitabu, na hicho kitajazwa na mtu. Mtu akija akitaja namba yake, tunamtafuta kwa hiyo."

"Kama mtu mwenye jina la shule na jina la nyumbani."

"Hivyo hivyo. Na yote mawili ni yake."

Alifanya kazi hadi adhuhuri, na Mfagizi alimletea chai bila kuombwa, akamwekea na kisosi juu isiingie vumbi, maana chafya zake sasa zilikuwa zinajulikana. Kisanduku cha NAMBA kikatoweka kwenye fomu. Chini kabisa, upande wa kulia, pale pale ambapo Bibi angekiweka, kikatokea kingine: *Namba ya kitabu.*

"Bado kuna kitu," mjukuu alisema kwa sauti ndogo. "Nilivyokuwa nafuta na kurudia, nimeharibu namba nyingi za mashine. Zaidi ya hamsini. Zitarudi?"

"Hazirudi," Fundi alisema. "Mashine ikishatoa namba, hata ukimfuta mwenyewe, haimpi mtu mwingine. Itabaki pengo tu. Usijali, halidhuru kitu."

Bibi alikuwa anafunua kurasa za mwanzo za kitabu. Mkono wake ukasimama kwenye mia mbili na kumi na mbili. Msichana yule alilia mara moja, vizuri, akaandikwa, na kulipopambazuka hakuwepo tena. Mkunga mkuu alimwambia akwangue ile namba ampe atakayefuata, ili hesabu isiharibike. Bibi hakukwangua. Aliyefuata alipewa mia mbili na kumi na tatu.

"Haimpi mwingine?" aliuliza.

"Haimpi, Bibi."

Alifunga ukurasa kwa kiganja. Akaigusa kompyuta mgongoni, pale pa moto. "Basi tutaelewana," aliiambia.

*

Kuanzia saa saba Bibi alisoma na mjukuu akaandika. Walikwenda kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Bibi anataja jina la mama, kucha zinalia tk-tk. Anataja uzito, tk. Na mwisho anatulia kidogo, anainua kidole, na mjukuu anabonyeza Hifadhi. Mashine ikitoa mlio wake mdogo wa kupokea, ting, Mfagizi pale mlangoni anasema, "Amelia." Baada ya mtoto wa tano ilikuwa haiwezekani kufanya kazi bila hilo neno. Ting. Amelia. Ting. Amelia. Ndoo ya Mfagizi ilikuwa imekauka.

Saa kumi kasorobo Msimamizi akaingia.

Alikuwa mwanamke wa mwendo wa haraka, aliyenyooka kama rula, na viatu vyake vilitangulia kusikika. Kila mtu alimheshimu na wengi walimwogopa. Mwaka jana walimwandalia keki ya kutimiza miaka arobaini na tisa, na mwaka juzi pia.

"Karani, leo ni Ijumaa," alisema. Kisha akamwona Bibi, akalegeza sauti. "Shikamoo Bibi Mkunga. Sikujua upo. Naona mna karamu hapa. Nimekuja na mtu wa kubeba kitabu kwenda ghalani."

"Marahaba, mwanangu," Bibi alisema. "Asubiri kidogo. Chagua mtu yeyote ndani ya kitabu hiki, taja namba yake. Asipopatikana kwenye mashine, nitakibeba mwenyewe mpaka ghalani."

Mjukuu akageuka ghafla. Walikuwa wamefika wa tisini na tatu tu, mbali na Fundi, aliyeingizwa kabla ya zamu yake kwa shukrani. Lakini Bibi hakuonekana na wasiwasi wowote, maana alikuwa amemtazama Msimamizi, na alijua mtu akiambiwa ataje namba yoyote anataja ya nani.

"Themanini na nane," Msimamizi alisema.

Mjukuu akaandika 88 kwenye namba ya kitabu. Kompyuta haikufikiria hata kidogo. Ukurasa ukafunguka: jina la mama yake Msimamizi, tarehe, saa tisa na dakika kumi alasiri, kilo tatu kasoro. Msimamizi akasogea karibu. Uso wake ukaanza kulainika. Kisha macho yakashuka mpaka mstari wa chini, penye herufi kubwa kuliko zote.

*Umri: miaka 52.*

Mfagizi alitazama dari.

"Hapo," Msimamizi alisema, "pana kosa la kiuandishi. Karani, rekebisha hiyo nafasi ya umri."

Mjukuu, bila kufikiri, akabonyeza, akaandika 49. Kisanduku kikawaka wekundu.

*Nafasi hii haijazwi na mtu.*

"Inajihesabu yenyewe, mama," Fundi alieleza, akimeza mate. "Inachukua tarehe ya kuzaliwa, inapiga hesabu. Haiwezi kuguswa na mtu. Hata mimi siigusi."

"Hata kwa barua?"

"Hata kwa barua."

Bibi aliona shingo ya Msimamizi inavyozidi kunyooka, akaona na Mfagizi anavyobanwa na kicheko mpaka machozi. Akainuka kwenye kiti. Akaichukua foronya yake safi, akaitandaza mbele ya kioo cha kompyuta kwa namna ya mtu anayefunika chakula, ikaficha nusu ya chini yote.

"Vumbi ni jingi humu," alisema. "Mashine hizi hazipendi vumbi. Wewe soma huku juu, mwanangu. Soma maelezo."

Msimamizi alimtazama Bibi kwa muda. Kisha akainama, akasoma, na kwa kuwa alizoea kusoma taarifa kwa sauti, akaisoma kwa sauti. "*Alianza kulia kabla mabega hayajatoka. Kwa ukali. Mama yake akacheka katikati ya uchungu, akasema, huyu amekuja kutusimamia.*"

Safari hii hata Msimamizi mwenyewe hakunusurika. Alicheka mkono umeziba mdomo, viatu vyake vikigonga sakafu, na wote wakamfuata, hata yule mtu wa kubeba kitabu aliyekuwa anasubiri nje, ambaye hakuona chochote. Kilipotulia, alikuwa bado ameinama mbele ya kioo. Alisoma tena, kimya.

"Mama alicheka?" aliuliza.

"Alicheka sana. Ilibidi nimwambie aache kwanza, tumalize kazi."

"Sikuwahi kuambiwa. Mimi niliambiwa tu kwamba nilimtesa." Akajiweka sawa, akavuta koti lake chini. Mama yake alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, na Bibi alilijua hilo. Hakukuwa na mwingine aliyekuwepo chumbani siku ile, isipokuwa wao watatu.

Msimamizi akatoka mlangoni, akamwambia yule mtu wa nje aende zake, hakuna cha kubeba. Akarudi, akakichukua kitabu cha kijani kwa mikono miwili, akakirudisha kwenye pengo la rafu, akakisogeza ndani kwa kidole mpaka kikakaa vizuri.

"Karani, utaendelea Jumatatu ulipoishia."

"Ndiyo, mama. Wa tisini na nne."

Bibi alikuwa anatafuta foronya yake. Fundi alimshikia mlango. Mfagizi alikuwa ameshatangulia kuwahi getini, akatangaze. Msimamizi alimsindikiza Bibi hadi kwenye ngazi, mwendo wake wa haraka ukiwa umekatwa nusu ili walingane, na pale juu akasimama, akishika ile foronya aliyoikunja vizuri kwa pande nne, hajamrudishia bado.

"Bibi," alisema, "Jumatatu njoo tena. Hata kama karani hana la kukuuliza. Nitakuwekea kile kiti kisichoyumba, unisimulie taratibu, tangu mwanzo, alivyocheka."